Mtamba wa Bela

Mama, shikamoo.

Nimeandika shikamoo kisha nikanyamaza, nikasubiri. Miaka yote ulikuwa unaitikia marahaba yako kabla sijamaliza neno, tena umenipa mgongo, unachochea moto. Leo moto nimewasha mwenyewe, chai nimepika mwenyewe, na nimekalia kigoda chako. Usinune. Ningekuomba ruhusa kama ungekuwepo.

Nakuandikia habari za Bela. Najua ungeanza kuuliza watoto, halafu ng'ombe, halafu migomba, mwisho kabisa ndiyo ungemtaja mbwa ukijifanya umemkumbuka bahati mbaya. Haya. Watoto wazima. Ghati amepanda darasa. Chacha bado anakojoa kitandani, na nakuambia hivyo kwa sababu ni wewe uliyeapa kwamba ataacha mwenyewe. Ng'ombe wazima, ila yule mwekundu amezeeka, maziwa yake siku hizi hayajazi hata kikombe cha Chacha. Migomba ya kule chini imeangushwa na upepo. Na Bela yupo. Ilibaki kidogo asiwepo.

Ngoja nianzie mwanzo, maana sina mtu mwingine wa kukumbuka naye mwanzo ule bila kuchekwa.

Marwa, mtoto wa mdogo wako, ndiye aliyetuletea maneno. Alikuja likizo kutoka Mugumu, kule anakoshika kamba ya mbwa wa kunusa magari kwenye mageti ya hifadhi, kutafuta nyama pori na pembe. Jioni ile alikuonyesha picha kwenye simu. Mbwa mweusi, sikio moja limesimama, jingine limelala. Akasema huyu alizaliwa Ulaya, akaokotwa amefungwa kwenye nguzo kando ya barabara, theluji imempanda mgongoni. Watu wa kutunza mbwa wa kutupwa wakamchukua, wakaona ana pua, wakamfundisha kazi, akapandishwa ndege mpaka Serengeti. Amefanya kazi miaka, sasa nyonga imekufa, hawezi tena kuruka kwenye gari. Anatafutiwa nyumba. Kuna familia huko huko Ulaya imekubali kumpokea.

"Huko walikomtupa?" ukauliza.

Marwa akakueleza kwamba siyo watu walewale, mama mkubwa, ni watu wengine, watu wazuri tu. Wewe ukachota ugoro, ukavuta pua moja, ukavuta ya pili, ukafuta mkono kwenye kitenge. Halafu ukasema, "Mwambie mkubwa wako nafasi ninayo mimi."

Nilidhani unatania. Nilisahau naongea na nani.

Maana na mimi ulinileta hivyo hivyo. Nilikuwa Kemambo kwa kaka yangu, nina mimba ya mtu wa machimboni aliyefungasha nguo zake akarudi mkoani kwao bila kuaga. Kaka alikuwa hanisemeshi. Wewe hukuwa na mtoto, mumeo alishafariki, mji ulikuwa unakwenda kufa na jina lake. Ukafanya wanavyofanya wamama wa kwetu waliokosa mtoto: nyumba ntobhu. Ukatoa ng'ombe zako, ukanioa mimi, ili watoto nitakaozaa wawe wa nyumba yako. Watu walikuambia utafute msichana asiye na mimba. Ukawajibu kwamba mimba siyo ugonjwa, na kwamba wewe humuulizi mtu ametupwa na nani. Ghati alizaliwa kwenye kitanda chako.

Basi watu wa mbwa wakaja kukagua. Hapo ndipo nilipokaribia kufa kwa kicheko. Yule Mzungu mkubwa wao, Madamu kama Marwa anavyomwita, alikuja na karatasi zake kuangalia mbwa atalala wapi, atakula nini, nani atabaki naye mkienda shamba. Wewe ulikuwa umefagia uwanja toka alfajiri, umevaa kile kitenge cha harusi za watu, umeniamuru nichinje jogoo. Kila alipouliza swali, wewe ulimrudishia lako. Kwao mbwa huyu alikuwa analala wapi? Ana wadogo zake? Tabia yake kwa watoto? Amewahi kuzaa? Marwa alikuwa anafasiri huku jasho linamtoka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia, naona kabisa kwamba Madamu amekuja kukagua nyumba, na wewe umekaa kwenye posa.

Wakakubaliana. Madamu akainuka kuaga. Ndipo ukamwita kijana wa jirani amtoe yule mtamba mweusi mwenye kipaji cheupe, ukaichukua kamba ukamwekea Madamu mkononi.

Yule mama alishtuka. Akasema hapana, mbwa hauzwi, anatolewa bure. Marwa alipofasiri hilo neno bure, uso wako ulibadilika. Nakumbuka ulivyojishika kiuno. "Bure hutolewa mwenye kasoro. Muulize ana kasoro gani ambayo hawajaniambia." Marwa akamwambia sijui nini kwa Kizungu, maneno marefu. Na wewe ukaendelea, kwamba kwenye mji wako hakuna anayeingia kulala bila kutolewa ng'ombe, Rhobi huyu mlangoni katolewa, na mbwa naye atatolewa, asije mtu kesho akasema aliokotwa. Madamu alisimama na kamba mkononi, mtamba anamlamba shati. Mwisho akakubali. Marwa akatafuta kenta, mtamba wako akaenda Mugumu, na Bela akaja Nyamwaga.

Mimi nilinuna, unakumbuka. Sokoni nilikokuwa nauza ndizi walinipokea kwa vicheko. Rhobi, umeletewa mke mwenza, tena Mzungu, tena amekuja kwa ndege na wewe hata basi la Mwanza hujapanda. Nikirudi nyumbani nakukuta umemwekea gunia karibu na kitanda chako, ndani, Mama, ndani ya nyumba. Mbwa wa kwetu toka dunia iumbwe analala nje na kubweka wezi wa ng'ombe. Huyu alikuwa na blanketi. Nikikupita nasonya. Wewe ukijifanya husikii, unamwambia Bela, "Mwenzako anaumwa wivu, mzoee tu."

Nikamzoea. Sikupanga. Siku moja niligundua namwachia ukoko wa ugali na namchagulia ulioiva vizuri.

Na kazi yake hakuacha, ndiyo iliyotuletea maneno. Mbwa wa kunusa habweki, anakuja taratibu, ananusa mzigo, akikuta kitu anachokijua anakaa kitako mbele yake na kutulia. Mzee Mwita, mdogo wa marehemu mume wako, alikuja kusalimia na begi lake. Tukiwa tunakula, Bela akanyanyuka, akaenda kukaa mbele ya begi. Akatulia. Watoto wakaanza kucheka kabla ya watu wazima kuelewa. Wewe ulisukuma bakuli la nyama ya kichuri kwa mgeni, ukamwambia, "Kula nyama hii, shemeji, hii ya nyumbani haina kesi." Mzee Mwita alikula, lakini kuanzia siku ile alimchukia yule mbwa, na nafikiri alituchukia sisi sote.

Sasa nakuja mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Masika yale miguu yako ilianza kuvimba. Ulisema ni baridi. Ulikuwa unapumzika njiani ukitoka kisimani, unasema unaangalia mahindi ya watu. Niliyaamini hayo kwa sababu nilitaka kuyaamini. Halafu asubuhi moja nikakuletea uji, nikamkuta Bela amekaa kitako mbele ya kitanda chako, wima, sikio moja juu, anakutazama. Hakugeuka nilipoingia. Ulikuwa umelala ubavu, unamtazama na yeye. Ukasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Amepata kitu huyu."

Nilimfukuza, Mama. Nilimpiga na kanga. Alitoka, akazunguka nyumba, akarudi kukaa palepale.

Hospitali ya mjini daktari alisema moyo umechoka, akatupa dawa, na dawa zilisaidia kwa muda wake. Ulirudi, ukakaa kwenye kigoda hiki, ukagombana na mimi kuhusu chumvi. Nilijua tu. Kila nikimwona mbwa amekaa mbele yako vile, nilijua, na nilitoka nje kwenda kukata majani ya ng'ombe hata kama yalikuwa yamejaa. Nilikuwa nalia kwenye migomba ili usinione. Nadhani uliniona.

Ulipoondoka Bela hakulia. Wengine walisema mbwa atalala kaburini. Hakulala. Mazishi yote alikuwa chini ya ghala, kichwa juu ya miguu. Nilikosa hata mwenzangu wa kuomboleza naye. Nilinyolewa kichwa nikiwa na hasira na mbwa.

Siku ya kumaliza matanga ndugu wote walikuwa uwanjani. Kaka yangu wa Kemambo alikuja pia. Tulikuwa tunasubiri chakula, kenta ikaingia, mbele Marwa na Madamu, nyuma yule mtamba wako. Mama, usingemtambua. Ng'ombe mzima, kiwele kimejaa, na ndama ubavuni, kipaji kilekile. Madamu alishuka macho mekundu. Alinikumbatia mbele ya watu, akasema maneno, Marwa akafasiri: ameleta ng'ombe wa mama, arudi kwenye nyumba ya mama, watoto wapate maziwa. Ndiyo rambirambi yake.

Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilitazama kile kiwele nikamfikiria Chacha na kikombe chake.

Mzee Mwita akaweka kikombe chini. Akasema kwa Kikurya, polepole, kila mtu asikie: ng'ombe wa mahari wamerudi, kwa hiyo ndoa imekwisha. Wamtie mbwa wao kwenye gari waende naye. Wachache wakacheka, wakadhani ni utani wa msibani. Yeye hakucheka. Akanigeukia. "Na wale waliokwenda Kemambo nao wanajua njia ya kurudi."

Kaka yangu akatazama viatu vyake. Wale ng'ombe aliwatumia kuolea, watatoka wapi? Na mimi nilielewa pale pale kwamba mzee Mwita hakuwa anahangaika na mbwa. Akishapita mbwa, njia ni ileile. Huna mama tena wa kukusemea, Rhobi, na mji una migomba na mashamba. Leo anarudishwa aliyetoka Ulaya, kesho anarudishwa aliyetoka Kemambo.

Bela alikuwa ametoka chini ya ghala. Alimnusa Marwa, akamzunguka, mkia unakwenda. Halafu akaenda kwenye mlango wa mbele wa gari uliokuwa wazi, akaweka miguu ya mbele juu, akabaki hivyo. Nyonga haikumruhusu kupanda. Akamtazama Marwa, anasubiri kuinuliwa, alivyozoea kuinuliwa kazini. Watu wakasema unaona, hata mwenyewe anataka kwenda.

Marwa hakumwinua. Alisimama mikono mfukoni na machozi yanamshuka.

Sikumwita Bela, Mama. Nikaenda kwa Madamu badala yake, nikamwambia Marwa fasiri neno kwa neno, mura, usipunguze. Nikamwambia umefanya wema mkubwa na Mungu akuone. Lakini kwetu huyu ng'ombe akilala hapa leo, mbwa hana nyumba, na mimi sina. Mama alimtoa ili asirudi. Hakukukopesha.

Marwa alifasiri kwa muda mrefu. Niliona uso wa yule mama ukipanda wekundu mpaka shingoni. Akashika mdomo. Akaniomba radhi, akaomba tena, akauliza basi watu wa kwenu hupeleka nini msibani. Nikamwambia sukari. Sukari na majani ya chai, inatosha sana.

Nikaichukua kamba mwenyewe. Sikungoja mwanamume. Kichwa kimenyolewa, jua linanichoma, nikamvuta yule ng'ombe mpaka kwenye ubao wa kenta, na yeye anagoma, amenusa zizi la kwao na anataka kubaki. Nikamsukuma kwa bega. Maziwa yalikuwa yanadondoka yenyewe njiani. Ndama akafuata mama yake. Nilipofunga ule mlango wa nyuma Marwa akaja kukaza komeo.

Nikageuka kuwakabili nikijua sasa nitatukanwa. Mmoja wa wazee wa ukoo, yule wa kusikia sikio moja, akauliza ng'ombe amekwenda wapi. Akaambiwa amerudishwa kwa wenyewe, waliopewa. Akasema, "Basi hapo hakuna shauri. Chakula kiko wapi?"

Tukala. Mzee Mwita naye alikula, tena vizuri, na aliondoka bila kuniaga. Najua hajamaliza na mimi. Lakini waliokuwepo walisikia, na kaka yangu wakati wa kuondoka alinishika mkono akasema nikae hapa hapa. Ni maneno machache, lakini yeye ni mtu wa maneno machache.

Bela alishuka mwenyewe kwenye mlango wa gari wakati mimi napambana na ng'ombe. Sikuona aliposhuka. Nilimkuta amelala mbele ya kigoda chako. Sijui kama alitaka kuondoka au alikuwa anasalimia tu harufu ya siku zake za kazi. Nimejiuliza sana. Pengine nimembakiza mtu aliyetaka kwenda. Kama ni hivyo, mtaongea wenyewe mkikutana, uniombee msamaha.

Wiki iliyopita Madamu alituma kilo za sukari na Marwa. Nyingi, tutakunywa chai mpaka meno yaoze.

Na kuna jambo moja tu limebaki. Jana nilikuwa napanga vitu vyako kwenye sanduku. Kopo la ugoro lilikuwa ndani ya kitenge, nikalifungua kuona kama limeota ukungu. Unakumbuka Bela alivyokuwa akipiga chafya kila ukilifungua, na wewe unamwambia pua ya serikali haijui vitu vizuri. Jana alikuwa amelala huku uani. Harufu ikamfikia, akapiga chafya. Akanyanyuka. Akaingia ndani, akanusa kitanda chako kuanzia kichwani mpaka miguuni, akanusa gunia lake, akatoka akaenda mpaka lango la mji, akasimama anatazama njia ya kisimani. Alisimama mpaka jua likazama. Mkia ulikuwa unatikisika kidogo.

Mbwa hakuwa amekulilia kwa sababu hakujua kwamba umeondoka, Mama. Alikuwa anadhani umechelewa.

Nikaenda nikakaa chini pale langoni, ingawa goti linaniuma, nikamshika shingoni, nikamwambia. Nilimwambia kwa Kikurya, kisha kwa Kiswahili, lugha yake sijui. Ndipo hatimaye nikapata mwenzangu wa kulia naye. Ghati alitukuta pale akaleta blanketi.

Sasa pumzika. Kopo lako nimelifunga, nimelificha juu, halitafunguliwa tena. Bela nitamtunza mpaka mwisho wake, na siku hiyo ikifika nitamzika ndani ya mji huu, waseme watakavyosema, maana alitolewa ng'ombe. Chacha atanywa chai ya rangi mpaka tupate mtamba mwingine. Na hata wakija na ng'ombe wa dunia nzima hapo langoni, Mama, wajaze uwanja, Kemambo sirudi.

Mimi Rhobi, wa nyumba yako.